Chungu Hakirudi Kitupu

— Hodi kwenu. Hadithi iko mlangoni.

— Ipite, tumekaa.

— Imekuja mikono mitupu?

— Haikuja mikono mitupu.

— Na chombo chake kikirudi?

— Hakirudi kitupu.

Haya, mmejibu vizuri, isipokuwa Kombo ambaye amejibu huku anatafuna. Endeleeni kuchambua hayo maharage. Mikono ifanye kazi yake na masikio yafanye kazi yake.

Hapo zamani za kale, zamani kweli, wakati wanyama walikuwa wanawasha moto na kupika kama sisi, palikuwa na bonde lililoitwa Bonde la Udongo Mweusi. Kiangazi bonde hilo lilikuwa pahali pazuri pa kuishi. Lakini masika yakiingia, mto ulifurika na bonde lote likawa ziwa. Kwa hiyo kila mwaka, siku ya ngurumo ya kwanza, Tembo alipiga baragumu kwa mkonga wake, na wanyama wote wakapanda Mlima Upara kwa njia moja. Walitoka asubuhi, wakafika alasiri.

Njia hiyo ilikuwa na sheria. Wengine walisema aliyeitunga ni Tembo, wengine walisema ni Fisi mwenyewe. Sheria ilisema hivi: Fisi atatembea nyuma ya wote. Mnyama akikaa chini njiani mara moja, asamehewe. Akikaa mara mbili, asamehewe. Akikaa mara tatu, ni wa Fisi.

Ni sheria mbaya. Sikuitunga mimi, msinikodolee macho.

Katika bonde hilo aliishi Digidigi. Mnamjua digidigi, yule swala mdogo kabisa, miguu yake kama vijiti. Digidigi huyu aliishi peke yake, maana mama yake alikuwa ameshakufa. Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kirefu, na Digidigi aliugua homa. Homa ikamwacha, lakini ilipoondoka ikaondoka na nguvu zake. Manyoya yakanyonyoka. Magoti yakawa yanatetemeka hata akisimama tu.

Kutoka kichakani kwake hadi kisimani palikuwa karibu, kama kutoka hapa hadi kwa mama yake Siwema. Siku ya kwanza baada ya homa, Digidigi alikwenda kuteka maji. Akakaa chini mara ya kwanza, akainuka. Akakaa mara ya pili, akainuka. Akakaa mara ya tatu.

Fisi alikuwa ng'ambo ya kisima. Akaona. Akahesabu. Akatabasamu.

"Pole, shemeji," Fisi akasema. Fisi alimwita kila mnyama shemeji, ingawa hakuna aliyemwoza dada yake. "Mwezi ukiandama mara mbili, masika hayo. Jitunze. Usikonde zaidi ya hapo."

Digidigi akaelewa. Akarudi kichakani akalia. Alilia kweli, wala hakuona haya. Halafu akafuta machozi, akasema kwa sauti ingawa hapakuwa na wa kumsikia, "Siliwi mimi. Mlima ule nitaupanda kwa miguu yangu."

Akamkumbuka mama yake. Mama yake alikuwa akitengeneza maji ya majani kila siku ya Mungu, awe mzima, awe hoi. Alichuma mlonge kidogo wa kuupa mwili nguvu, kivumbasi kidogo cha kufungua kifua, na mchaichai kidogo ili kinywaji kinywike. Alikuwa akisema, "Chuma kidogo. Mwagia maji ya moto. Funika. Subiri. Kunywa. Kesho tena."

Digidigi alipokuwa mdogo alikuwa akiuliza, "Mama, kwani jana hatukunywa?"

Na mama yake alikuwa akijibu, "Ya jana tulikunywa jana."

Majani yalikuwepo. Mlonge uliota kando ya kichuguu, kivumbasi kilijiotea njiani, mchaichai ulikuwa karibu na mto. Na Digidigi aliyajua moja moja, kwa harufu na kwa ladha, kwa kuwa alifundishwa. Hilo msilisahau. Jani usilolijua usilitie chunguni.

Kisichokuwepo kilikuwa chungu. Chungu cha mama yake kilipasuka zamani, na kifuniko kikapotea.

Bonde zima chungu chenye kifuniko kinachokaa sawasawa kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa cha jirani yake, Bibi Nungunungu. Bibi huyu alikuwa mzee, na ulimi wake ulikuwa na miiba kuliko mgongo wake. Tena mwaka ule mgongo wenyewe ulikuwa unapukutika. Kila alipopita aliacha miiba miwili mitatu chini, na hakupenda mtu aione.

Digidigi akaenda, akabisha hodi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona umesimama kama unataka kuanguka?"

"Ndicho kilichonileta, bibi. Naomba uniazime chungu chako nitengeneze maji ya majani, nipate nguvu za kupanda mlima."

Bibi Nungunungu akacheka puani. "Majani. Mimi nimekula mizizi maisha yangu yote, leo niambiwe majani yana nguvu? Mimi mwenyewe mwaka huu sipandi. Miguu imekwisha. Maji yakija yatanikuta humu humu shimoni."

"Mimi nitapanda, bibi."

Bibi akamtazama sana. Kisha akaingia ndani, akatoka na chungu. "Kila asubuhi uje ukichukue, kila jioni unirudishie. Na ada ya jirani unaijua."

Ada ya jirani hata nyinyi mnaijua. Mama akipelekewa futari kwenye bakuli, bakuli halirudi tupu. Litarudi na ndizi mbili, au chumvi, au hata kipande cha limau. Ndivyo ilivyokuwa huko bondeni pia. Na kumwaga kilichorudishwa na jirani ilikuwa aibu kubwa kuliko kuiba.

Digidigi akabeba chungu. Akaenda kisimani, akakaa chini mara tatu. Akarudi, akakaa chini mara tatu. Akachuma majani, kidogo ya huku na kidogo ya kule, yakajaa kwato moja tu. Akachemsha maji. Yalipochemka akaepua, akatia majani, akafunika. Kisha akakaa akitazama kivuli cha kichuguu. Mama yake alimwambia, kivuli kikitoka kwenye kisiki kikafika kwenye jiwe jekundu, maji yameiva.

Kivuli hakina haraka, mnakijua. Akasubiri. Kilipofika kwenye jiwe jekundu akafunua, na mvuke ukampiga usoni wenye harufu ile ile ya mama yake. Akanywa nusu.

Jioni ikafika, chungu kirudishwe. Digidigi akatazama kichakani kwake. Hakuna ndizi, hakuna mzizi, hakuna hata punje. Kilichokuwepo ni ile nusu iliyobaki. Akaipeleka.

"Nini hiki?" akauliza Bibi Nungunungu.

"Maji ya majani, bibi. Sina kitu kingine."

"Nimekuazima chungu, narudishiwa maji ya majani. Haya." Akayanywa palepale, amekunja uso, maana kumwaga ni aibu. "Machungu," akasema. "Kwaheri."

Kesho yake Digidigi akarudi kuchukua chungu. Akaenda kisimani, akakaa chini mara tatu. Akachuma kidogo, akamwagia maji ya moto, akafunika, akasubiri, akanywa nusu. Nusu akampelekea bibi. "Machungu," bibi akasema. "Kwaheri."

Siku ya tatu vivyo hivyo. Siku ya saba vivyo hivyo, na siku ya saba bado alikaa chini mara tatu. Hapa ndipo wengi tunapoacha. Tunasema tumekunywa wiki nzima hatukuona kitu, tunakitupa kijiko. Digidigi hakuacha. Alijitungia wimbo wa kuinulia miguu, na nyinyi mniitikie:

Mguu wa kwanza — twende.
Mguu wa pili — twende.
Chungu kimefunikwa — twende.
Kesho tena — twende.

Siku ya kumi na mbili alikwenda kisimani akakaa chini mara mbili tu. Alipofika kisimani aligeuka nyuma kutazama njia, akadhani amehesabu vibaya. Hakuhesabu vibaya.

Na Fisi pia alihesabu. Akaona mali yake inaota miguu. Akaja kichakani, anachechemea kwa adabu.

"Shemeji, nimekuja kukujulia hali. Naona unahangaika. Mbona majani kidogo hivyo? Ungejaza chungu mpaka mdomoni ungepona leo hii. Nguvu ziko kwenye wingi."

"Mama yangu alichuma kidogo," akasema Digidigi.

"Mama yako yuko wapi sasa?"

Maneno hayo yalimchoma Digidigi. Akachuma kidogo, akafunika, akasubiri. Fisi akaondoka.

Mwezi ukaandama mara ya kwanza. Digidigi sasa alikaa chini mara moja. Manyoya mapya yakaanza kuota shingoni, laini. Fisi akaja mara ya pili. Safari hii alijificha nyuma ya kichuguu, na Digidigi alipokwenda kuokota kuni, akatoka, akainua kifuniko, akakiweka kando. Mvuke wote ukaenda zake. Maji yakapoa, yakawa kama maji ya dimbwi yaliyoangukiwa na majani.

Digidigi aliporudi aliona kifuniko chini. Akaonja. Hakuna harufu, hakuna ladha. Jua lilikuwa limeshaanza kuinama, na njia ya kisimani ni ile ile ya kuchosha. Mwingine angesema leo basi.

"Kesho tena ni kesho," Digidigi akajiambia, "na ya leo sijanywa." Akabeba chungu akaenda kisimani upya. Akachuma upya, akachemsha upya. Na wakati wa kusubiri akakikandamiza kifuniko kwa kwato zake mbili za mbele, macho kwenye jiwe jekundu. Fisi nyuma ya kichuguu akatafuna ulimi wake mwenyewe.

Ikabaki siku tano mwezi uandame mara ya pili. Fisi akaja mara ya tatu. Na mara hii, wanangu, alikuja na neno la kuingia moyoni.

"Shemeji, mimi nakuonea huruma. Unafanya kazi kutwa, halafu nusu unampelekea bibi kizee asiyetaka. Kila siku anakunja uso. Kila siku anasema machungu. Yeye hapandi mlima, wewe unapanda. Siku zimebaki tano. Hizi tano kunywa chungu kizima wewe peke yako."

Fisi akaondoka bila kusubiri jibu. Alijua neno lake limeshaketi.

Digidigi akatazama mlima. Ulikuwa mrefu. Akajitazama magoti. Yalikuwa bado yanatetemeka kidogo akisimama sana. Akanywa nusu yake. Kisha akatazama nusu ya bibi. Akanywa kidogo. Akanywa tena kidogo. Akaimaliza.

Msimcheke. Alikuwa anaogopa kufa.

Jioni akabeba chungu kukirudisha. Njia nzima alikiona chepesi, na kadiri alivyokaribia, ndivyo wepesi ule ulivyomlemea. Akafika karibu na shimo la Bibi Nungunungu, akasimama nyuma ya kichaka kutafuta uongo wa kusema.

Akamwona bibi. Bibi alikuwa amekaa mlangoni. Alikuwa amefagia pale mbele. Mapajani ameshika kikombe chake, amekisafisha mpaka kinang'aa, na macho yake yalikuwa kwenye njia anayopita Digidigi. Yule wa machungu, kwaheri, alikuwa anasubiri.

Digidigi aliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Akageuka taratibu asionekane. Akaenda kisimani mara ya pili kwa siku ile, tena mbio. Akachuma, akachemsha, akafunika. Kivuli cha kichuguu kilikuwa kimeshapita jiwe jekundu zamani, basi akasubiri kwa kukisia, akauimba wimbo wake mara nyingi mpaka harufu ikamwambia tayari.

"Umechelewa," akasema Bibi Nungunungu, huku ameshaficha kikombe nyuma yake.

"Nimechelewa, bibi. Nisamehe. Leo ni chungu kizima, chote chako."

Bibi akanywa. Akakunja uso. "Machungu," akasema. Kisha akasema jambo ambalo hajawahi kulisema, "Kesho usichelewe."

Digidigi alikwenda kulala, na ndipo akagundua kitu. Siku ile alikwenda kisimani mara mbili, na mara zote mbili hakukaa chini hata mara moja.

Siku tano zikaisha. Jioni ya tano Digidigi akarudisha chungu, na ndani yake nusu kama kawaida. Asubuhi yake wingu likafunika jua, na ngurumo ya kwanza ikapiga. Tembo akainua mkonga, akapiga baragumu. Wanyama wakaanza kupanda. Mbele Tembo, nyuma yake Nyati, Pundamilia, Ngiri na watoto wake, Kanga na kelele zake. Digidigi akapita shimoni kwa Bibi Nungunungu akaita, "Bibi, twende."

Kutoka ndani sauti ikajibu, "Tangulia. Nina kitu jikoni."

Digidigi akasita. Lakini nyuma ya wote alikuwa anakuja Fisi, na sheria ilikuwa sheria. Akatangulia, huku anaumia moyoni, maana alidhani bibi amechagua kufa.

Fisi akapita, akatazama huku na huku, akaona bonde ni tupu. Akafuata njia.

Digidigi akapanda. Mguu wa kwanza, twende. Mguu wa pili, twende. Wakafika kwenye miti ya miiba. Fisi akamfikia, akasema kwa upole, "Shemeji, mguu wako wa nyuma una mwiba. Unavuja damu. Kaa uutoe usije ukaoza." Digidigi akashtuka, akakaa, akageuza mguu. Hapakuwa na mwiba wala damu.

"Moja," akasema Fisi.

Digidigi akaumeza ule uchungu, akainuka. Akapanda. Mvua ikaanza kunyunyiza. Wakafika kwenye udongo mwekundu, na udongo mwekundu ukilowa mnaujua. Kwato zikateleza, akajikuta amekaa kwenye tope.

"Mbili," akasema Fisi, na mate yakamdondoka.

Ukabaki mteremko wa mwisho, mkali kuliko yote. Wenzake walikuwa wameshafika juu, wamesimama ukingoni wanatazama chini. Digidigi akasimama. Magoti yakatetemeka. Pumzi ikamwishia. Lakini hakukaa. Alisimama palepale, miguu minne ameikita ardhini, akasema kwa sauti ya kusikika juu mpaka chini, "Sikai. Nitasimama hapa mpaka nguvu zinirudie. Sheria haisemi nisisimame."

Na kweli sheria haikusema hivyo. Fisi akasubiri akae. Hakukaa. Fisi akasubiri tena. Hakukaa. Tamaa ikamshinda Fisi, akamsukuma kwa bega. Digidigi akaanguka chali.

"Tatu," akasema Fisi, akafungua mdomo.

"Ngoja," ikasema sauti nyuma yake.

Fisi akaduwaa. Tangu njia ile ianze kupitwa, hakuna mtu aliyewahi kuwa nyuma ya Fisi. Akageuka. Bibi Nungunungu alikuwa anapanda, hatua kwa hatua, chungu kichwani, kifuniko kimekaa sawasawa.

"Kuangushwa si kukaa," akasema bibi. "Mimi nimeona kwa macho yangu."

"Wewe mzee, pita zako," akasema Fisi.

Bibi Nungunungu hakugombana naye. Kwanza alitua chungu chini, polepole. Akahakikisha kifuniko hakikusogea. Kisha akamgeuzia Fisi mgongo, akasimamisha miiba yake yote, ikalia kama njuga, akaenda kinyumenyume kwa kasi ambayo hakuna aliyedhani anayo. Fisi alipata miiba puani, midomoni na kidevuni. Akalia kilio cha kutia huruma, ila hapakuwa na aliyemhurumia. Akateremka mlima akigonga pua yake kwenye kila mti.

Bibi Nungunungu akamrudia Digidigi. Akafunua chungu. Mvuke ukapanda, harufu ya kivumbasi na mchaichai. Yalikuwa ya moto bado.

"Kunywa," akasema. "Chote. Si nusu."

Digidigi akanywa, machozi yanamtoka. "Bibi, nilidhani hutoki. Mbona ulichelewa hivyo?"

"Wewe si ulinifundisha kwa kuniletea? Asubuhi zote hizo unafikiri sikuwa naona unavyofanya? Nilichuma kidogo. Nikafunika. Nikataka kusubiri kivuli kifike kwenye jiwe jekundu, lakini leo jua limefunikwa, kivuli hakuna. Sasa ningepimaje? Nikakaa nikahesabu miiba yangu mgongoni, mmoja mmoja, mpaka mwisho." Akaitikisa ile mipya iliyoota. "Nimechelewa kwa sababu ni mingi. Kiangazi ningemaliza upesi."

Kisha akakunja uso, asije akaonekana amelainika. "Siku zote hizo umenirudishia chungu na kitu ndani. Leo ni zamu yangu kukirudisha. Inuka."

Digidigi akainuka. Wakapanda mteremko wa mwisho pamoja, mmoja na chungu kichwani, mwingine na wimbo mdomoni. Hawakukaa. Walipofika juu, Tembo akauliza watu wote kama kuna aliyeona kuangushwa ni kukaa. Hakuna. Na siku ileile wakaifuta ile sheria ya Fisi, kila mtu akasema hata yeye hakuwahi kuipenda. Ndivyo walivyo watu. Lakini waliifuta.

Baada ya masika wanyama wote wakataka kunywa maji ya majani. Hata Fisi akaja, pua imevimba, akasema kwa unyonge, "Nami naomba kuazima chungu."

Bibi Nungunungu akamjibu, "Nitajie nyumba moja uliyowahi kurudishia chombo na kitu ndani."

Fisi akafikiri. Anafikiri mpaka leo. Ndiyo maana Fisi hana chungu, hana moto, na anakunywa maji ya baridi dimbwini.

Sasa sikilizeni mafunzo, na Kombo uteme hicho unachotafuna. Afya haiji kwa kapu zima la siku moja. Inakuja kwa kidogo cha kila siku: chuma unachokijua, funika, subiri, kunywa, kesho tena. Ukiugua hasa, nenda ukatibiwe. Haya ni ya kuutunza mwili wakati mzima, kama unavyoufagia ua. Na la pili, ambalo ndilo kubwa: Digidigi alipokunywa chungu kizima peke yake hakupata kitu. Kilichompandisha mlima ni ile nusu aliyoitoa.

Hadithi yangu naitua hapa mlangoni penu, imefunikwa, bado ya moto. Aliyeipenda anywe. Aliyeiona chungu akunje uso na anywe. Na chombo changu mkikirudisha, ada mnaijua.

— Hakirudi kitupu.